Mbele ya Ukuta, Nyuma ya Ukuta: Kuamua Hatima ya Kiyoyozi cha Gari la Zamani

Mwenye gari la zamani ambalo kiyoyozi chake hakipozi tena huwa hakosi washauri. Fundi mmoja atamwambia ang'oe mfumo wote, kwa kuwa ni mzigo wa bure unaoibana injini. Mwingine atamwambia abadilishe gesi, afunge kompresa ya gari la Kijapani, na baridi itarudi. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa gari fulani katika mji fulani. Tatizo ni kwamba wote wawili wanakichukulia kiyoyozi kama kitu kimoja, ambacho ama kinabaki chote au kinaondoka chote, ilhali ndani ya gari mfumo huu umegawanyika sehemu mbili zenye gharama, hatari na thamani tofauti kabisa. Sehemu moja iko mbele ya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Nyingine iko nyuma ya ukuta huo, chini ya dashibodi. Ninachotetea hapa ni kwamba uamuzi ufanywe mara mbili, upande kwa upande, na kwamba mwenye gari ana uhuru mkubwa mbele ya ukuta na uhuru mdogo sana nyuma yake.

Nitatumia gari moja kama kielelezo, Mercedes-Benz W123, lililoingia sokoni mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 1986, jumla ikiwa takriban magari milioni 2.7. Afrika Mashariki gari hili halihitaji kutambulishwa. Lilikuwa la maofisa, la wafanyabiashara na la madereva wa teksi, na yaliyosalia sasa yametunzwa na watu wanaoyapenda kwa dhati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yatakayosemwa inahusu pia Peugeot 504, Volvo 240, Datsun na magari mengine ya rika hilo.

Mzunguko wenyewe ni rahisi kuelewa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huvuta gesi na kuibana mpaka inakuwa na presha kubwa na joto kali. Gesi hiyo husukumwa hadi kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba unaosimama mbele ya rejeta, na hapo upepo huichukulia joto lake hadi igeuke kimiminika. Kimiminika hupitia draya, kichupa cha chuma chenye chembechembe za kunyonya unyevu, kisha huvuka ukuta na kufika kwenye valvu ya upanuzi, ambayo hukiachia kidogo kidogo kuingia kwenye evaporeta. Huko presha hushuka ghafla, kimiminika huchemka katika ubaridi mkubwa, na kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria. Kwa hiyo mbele ya ukuta kuna kompresa, kondensa, draya, hozi na feni za nje. Nyuma yake kuna evaporeta, valvu ya upanuzi, feni ya ndani na vile vilango vidogo vinavyoelekeza hewa.

Swali la gesi ndilo huwatisha watu zaidi, nalo lina historia inayogusa eneo letu moja kwa moja. Magari ya miaka ya 1970 na 1980 yalitoka kiwandani na gesi ya R12, iliyobuniwa Marekani na kundi la Thomas Midgley kuelekea mwaka 1930, na ikasifiwa kwa sababu haikuwaka moto wala haikuwa na sumu kama amonia iliyotumika kabla yake. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda hadi anga za juu na kuharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, kwa usimamizi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi, wakati huo likiongozwa na Mmisri Mostafa Tolba. Nchi tajiri ziliacha kuzalisha R12 kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea, Kenya na Tanzania zikiwemo, zikapewa hadi mwaka 2010. Viwanda vya magari vilihamia R134a katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990.

R134a haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Katika hesabu za wanasayansi wa tabianchi, kilo moja ya gesi hiyo hulingana na takriban kilo 1,430 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, ingawa kilo moja ya R12 hulingana na karibu kilo 10,900. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. Kwa nchi kama zetu, ratiba ya Kigali inasimamisha matumizi katika kiwango cha msingi kuanzia 2024, kisha inayashusha kwa asilimia 10 mwaka 2029 na hatua kwa hatua hadi asilimia 80 mwaka 2045. Mwenye W123 asome ratiba hiyo kwa utulivu: inapunguza bila kupiga marufuku papo hapo, na anayehamia R134a leo ana miaka mingi ya kuipata kwa ajili ya matengenezo. Gesi mpya ya R1234yf, inayotumika katika magari mapya ya Ulaya, ni ghali na inaweza kuwaka kwa kiasi, na sioni sababu ya kuipeleka kwenye gari ambalo halikuundwa kwa ajili yake.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuhama kutoka R12 kwenda R134a ni kutoa moja na kujaza nyingine. R12 ilibeba mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa kutoka ndani, lakini R134a haichanganyiki na mafuta hayo. Yatabaki yamelala kwenye kona za mabomba huku kompresa ikisagika ikiwa kavu. Panahitajika mafuta ya aina ya PAG au ya esta, na kwa mfumo wa zamani ambao hauwezi kusafishwa ukaisha kabisa, ya esta ndiyo salama zaidi, kwa sababu huvumilia mabaki ya mafuta ya madini. Hozi za zamani za mpira mtupu huvujisha R134a polepole kupitia mpira wenyewe, kwa kuwa molekuli zake ni ndogo zaidi. Hozi za kisasa zina utando wa nailoni ndani unaozuia hilo. Oringi, yaani pete za mpira zinazozuia uvujaji kwenye viungo, zibadilishwe kwa zile za mpira wa HNBR, ambazo mara nyingi ni za kijani. Draya ya zamani ina chembechembe zisizofaa kwa gesi mpya, na hata kama zingefaa, draya iliyokaa wazi kwa miaka katika hewa ya pwani imeshajaa unyevu. Mwisho, kiasi cha gesi hupungua: kwa kawaida huanza na asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa na kiwanda, na anayejaza hadi uzito uleule wa zamani huipandishia kompresa presha bila faida.

Lakini hata ukifanya yote hayo kwa usahihi, bado unaweza kuambulia gari linalopoza vizuri barabara kuu na kupuliza hewa vuguvugu kwenye foleni. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo, yaani kondensa. Joto la nje likiwa kubwa, R134a huhitaji presha ya juu kuliko R12 ili igeuke kimiminika, na kondensa ya zamani ya bomba moja refu lililopindwapindwa kati ya mapezi haina uwezo wa ziada. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, upepo hufidia upungufu huo. Likisimama kwenye foleni ya Kariakoo au kwenye kivuko cha Likoni saa nane mchana, upepo huisha, presha hupanda na baridi hupotea. Dalili hii, baridi mwendoni na joto ukisimama, karibu kila mara inaelekeza kwenye kondensa na feni zake, na kuongeza gesi kutaizidisha badala ya kuiponya. Fedha zikiwa za kutosha kwa jambo moja tu, zitumike kununua kondensa ya kisasa yenye mabomba mengi bapa yanayokwenda sambamba, kubwa kadiri nafasi iliyo mbele ya rejeta inavyoruhusu, pamoja na feni nzuri ya umeme. Kondensa huja na kuondoka kwa boliti chache, na ya zamani inaweza kuhifadhiwa stoo bila kuidhuru.

Kompresa ni ya pili. W123 zilitoka na kompresa ya York mwanzoni, kisha ya Delco kutoka General Motors. York ni pampu ya pistoni mbili zilizosimama, nzito na yenye mtikisiko unaohisiwa hadi kwenye usukani. Delco R4 ni ndogo lakini inajulikana kwa kuvuja kwenye sili zake. Kompresa za mzunguko laini kama Sanden za silinda tano zina nafasi nzuri zaidi ya kuishi na R134a, na zinapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au kati ya vifaa vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Sharjah. Kinachohitaji ufundi ni kishikizo chake. Kikiwa hakijanyooka hata kwa milimita chache, mkanda utakula puli na kurukaruka, na lawama itaangukia kompresa isiyo na kosa. Kishikizo kichongwe kitumie matundu ya boliti ambayo kiwanda kiliyaacha kwenye injini, pasiwepo tundu jipya. Kompresa iliyotumika nayo ikaguliwe mafuta yake: yakitoka meusi au yenye unga wa chuma, iachwe hapohapo dukani, kwa sababu unga huo utasambaa hadi kwenye kondensa mpya na kuiziba.

Kabla ya kununua chochote katika hivyo, mfumo upimwe, na upimaji uanze mahali ambapo wengi hawapaangalii: kwenye hita. W123 zenye vitufe vya kudhibiti joto zina valvu ya umeme inayozuia maji ya moto ya injini yasiingie kwenye hita, na valvu hiyo imeundwa ibaki wazi pale umeme unapokosekana. Kiwambo chake cha mpira kikichanika, maji ya moto hupita wakati wote, na abiria hupulizwa hewa iliyopozwa na evaporeta kisha ikapashwa moto na hita sentimita chache mbele. Katika zile zenye vigurudumu vya joto vya kuzungusha kwa mkono, valvu hukwama au waya wake hulegea, na matokeo ni yaleyale. Jaribio lake ni la dakika kumi: hozi ya maji ya hita ibanwe kwa kibano laini, gari liendeshwe, na kipimajoto kiwekwe kwenye tundu la katikati la hewa. Hewa ikishuka sana kuliko ilivyokuwa, kiyoyozi hakikuwa na ugonjwa mkubwa kiasi kilichodhaniwa, na kuna magari yaliyong'olewa mifumo mizima kwa kosa la valvu hii ndogo.

Kinachofuata ni vakyumu, yaani mvuto unaotokea hewa inaponyonywa kutoka kwenye mabomba. Vilango vya hewa vya W123 husukumwa na vikopo vidogo vinavyovutwa na vakyumu, na katika magari ya dizeli vakyumu hiyohiyo ndiyo inayozima injini na kufunga milango. Gari ambalo linachelewa kuzima ukitoa ufunguo, na wakati huohuo linapuliza hewa miguuni badala ya usoni, linaeleza tatizo moja kwa njia mbili. Uvujaji wa vakyumu hutibiwa kwa mpira mpya wa bei ndogo au kwa kiwambo kipya, bila kugusa gesi. Baada ya hapo ndipo kiyoyozi chenyewe kijazwe naitrojeni kavu kwa presha na kukaguliwa uvujaji kwa maji ya sabuni. Naitrojeni isibadilishwe na upepo wa pampu ya matairi, kwa sababu upepo huo umebeba maji, na maji yakikutana na mabaki ya gesi na mafuta hutengeneza asidi inayotafuna mfumo kutoka ndani.

Sasa twende nyuma ya ukuta. Kufikia evaporeta ya W123 ni kuvua dashibodi, na dashibodi yenye miaka 40 haivuliwi bila hasara: plastiki zimekauka, vishikizo hukatika, na mpasuko unaoanzia kwenye matundu ya hewa huweza kusambaa hadi juu ya spika. Ni kazi ya siku kadhaa kwa fundi mvumilivu. Ndiyo maana nasema uhuru ni mdogo hapa. Evaporeta isiyovuja iachwe ilipo, hata kama umeamua kuishi bila kiyoyozi kwa miaka kumi ijayo. Hakuna mtu anayesumbuliwa nayo, haichukui nafasi yenye manufaa mengine, na uzito wake ni mdogo. Evaporeta inayovuja ikilazimu dashibodi ivuliwe, basi kila kilicho humo kifanyiwe kazi kwa mara moja: hita, valvu ya upanuzi, feni ya ndani, vikopo vya vakyumu, sponji za vilango ambazo hakika zimekwisha kuwa unga, na mipira ya kutolea maji ambayo ikiziba humwaga maji miguuni mwa abiria na kuozesha sakafu. Kufungua dashibodi kwa ajili ya kifaa kimoja, kuifunga, kisha kuifungua tena mwaka unaofuata kwa ajili ya hita ni uharibifu ambao gari haliwezi kuustahimili mara nyingi.

Magari ya 300D yaliyouzwa Marekani kati ya 1977 na 1981 yanastahili kutajwa peke yake, kwa sababu baadhi yake yamefika huku na wamiliki wake huteseka. Yalikuwa na kiyoyozi cha kujiendesha kilichotegemea kifaa kilichotoka Chrysler, chenye mwili wa plastiki ambamo maji ya moto ya injini hupita. Plastiki hiyo hupasuka, na gari hupoteza maji ya injini kupitia kiyoyozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mercedes iliachana nacho. Hapa siwezi kutetea uasili kwa nguvu: mtu anayekipita kifaa hicho kwa valvu ya kawaida anaiokoa injini yake, mradi kifaa chenyewe akihifadhi.

Umeme nao una neno lake. Alteneta ya W123 hutoa takriban ampea 55. Feni ya ndani ikiwa kwenye kasi ya juu, feni ya umeme ya kondensa, klachi ya kompresa, taa na wipa za usiku wa mvua hukaribia kumaliza uwezo huo injini ikiwa taratibu. Kuweka alteneta kubwa ya sura ileile ni jambo dogo na linalorudishika. Kwa magari yenye dinamo badala ya alteneta, kama Beetle za miaka ya 1960 au Land Rover za zamani, hesabu haikai kabisa, kwani dinamo nyingi za wakati huo hazikupita ampea 30. Hali ni ngumu zaidi kwa kompresa za umeme zinazotangazwa siku hizi kama suluhisho la magari yote: kwa volti 12, kompresa ya nguvu ya maana hudai makumi ya ampea peke yake, na gari la zamani halina pa kuzitoa bila kubadilishiwa nyaya zote.

Nguvu za injini ndizo hoja bora ya wanaotaka kung'oa, na inafaa ipimwe kwa haki. Injini ya 200D ilitoa nguvu za farasi 55, baadaye 60, na 240D za mwisho zilitoa 72. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na dizeli isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake hata kabla ya kompresa kudai farasi wake kadhaa. Anayepanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru na 200D yenye abiria wanne anajua kila farasi aliyepotea. Lakini kompresa hula nguvu pale tu klachi yake inaposhika. Ikizimwa, puli huzunguka bure na hasara iliyobaki ni ndogo sana. Hoja ya nguvu kwa hiyo ni hoja ya kukizima kiyoyozi mlimani, na haitoshi peke yake kuhalalisha kung'oa. Hoja ya kondensa kuziba upepo wa rejeta ina uzito zaidi, hasa kondensa ikiwa imejaa vumbi na mbawa za wadudu za miaka mingi, ingawa kuiosha vizuri huirudishia rejeta pumzi yake kwa gharama ya maji na sabuni.

Mahali gari linapoishi ndipo pa kupimia mengi ya haya. Mmiliki wa Nairobi au Arusha, ambako asubuhi za Julai watu huvaa makoti, anaweza kuishi bila kiyoyozi na asikose kitu isipokuwa siku za safari ya pwani na siku za mvua, kwani kiyoyozi hukausha hewa na kusafisha kioo kilichofunga ukungu. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ni habari nyingine. Joto la Februari na Machi linaloambatana na unyevu hulifanya gari lisilo na kiyoyozi lisiwe la kila siku, na gari lisiloendeshwa huharibika upesi kuliko linaloendeshwa. Kwa mtu wa pwani naona kufufua kiyoyozi ni sehemu ya kulitunza gari. Chumvi ya bahari, kwa upande mwingine, hula mapezi ya alumini ya kondensa, basi aioshe kwa maji baridi yasiyo na presha kali mara kwa mara.

Ni lini basi kung'oa ni uamuzi mzuri? Kwanza, pale kiyoyozi kilipofungwa na gereji fulani miaka mingi baada ya gari kutoka kiwandani, kikiwa kimening'inia chini ya dashibodi na kugonga magoti ya abiria. Hicho hakina dai lolote juu ya gari, na kukiondoa ni kulirudisha gari kwenye hali yake ya kwanza. Kwa W123 jibu limeandikwa kwenye kadi ya data ya kiwandani: msimbo 580 unaonyesha kiyoyozi cha kawaida, 581 cha kujiendesha, na kadi isiyo na msimbo hata mmoja inasema gari lilizaliwa bila kiyoyozi. Pili, gari linaloandaliwa kwa mashindano, kama yale ya East African Safari Classic, ambako uzito mbele ya ekseli una maana halisi. Tatu, gari lisilo na uwezo wa umeme wala nafasi. Nje ya hapo, gari lililozaliwa na kiyoyozi libaki nacho, hata kikiwa kimelala. Mnunuzi makini huuliza, na katika maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi waamuzi hukagua hadi chini ya boneti.

Kukilaza kiyoyozi ni njia ya tatu ambayo haitajwi vya kutosha, na kwa magari mengi ya nyanda za juu naipendekeza kuliko zile mbili. Kwenye injini zenye mikanda ya mtindo wa zamani, kompresa mara nyingi ina mkanda wake, na kuutoa mkanda huo hakugusi pampu ya maji wala alteneta. Ikihitajika nafasi zaidi, kompresa na kondensa hutolewa, lakini gesi iliyomo ivutwe kwanza kwa mashine ya kuivuna na isiachiwe hewani. R12 iliyobaki katika magari ya zamani ni ileile iliyotoboa ozoni, na ikipita kwenye moto, hata wa sigara, hutoa moshi wenye sumu. Kila mdomo wa bomba uzibwe siku hiyohiyo kwa kifuniko cha mpira chenye kubana, si kwa kitambaa, kwa sababu saa chache za hewa ya pwani zinatosha kuijaza draya na kuanza kutu ndani ya kompresa. Matundu ya ukutani yazibwe pia, la sivyo joto na moshi wa injini vitaingia kwa abiria. Kompresa iliyotolewa iwekewe mafuta safi na kuzungushwa kwa mkono mara moja moja.

Hatari moja iliyobaki ni ya mtungi wenyewe. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka katika bandari za Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi, na chanzo kilipatikana kuwa gesi bandia iliyouzwa kama R134a huku ikiwa na kloromethani, kemikali ambayo ikigusana na alumini huzaa kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Kompresa na kondensa za kisasa ni alumini. Mtungi usiojulikana ulipotoka ulazwe usiku kucha kivulini na gesi ipimwe asubuhi: kwa nyuzi joto 30, R134a halisi husoma takriban baa 6.7 kwenye geji. Tofauti kubwa ya juu au ya chini ni sababu tosha ya kuurudisha mtungi, ingawa usomaji sahihi peke yake hauthibitishi usafi, na gereji yenye kifaa cha kutambua gesi inastahili malipo ya ziada. Gesi za kupikia na mchanganyiko wa propani zikataliwe kabisa, hata kama zinapoza vizuri kwa muda. Zikivuja kwenye evaporeta, zinavuja ndani ya chumba kilichofungwa chenye watu na swichi zinazotoa cheche.

Kazi ikiisha, kibandiko kiwekwe chini ya boneti karibu na mdomo wa kujazia, kikiandikwa kwa wino usiofutika aina ya gesi, uzito wake kwa gramu, aina na kiasi cha mafuta ya kompresa, na tarehe. Midomo ya kujazia ya R12 ivikwe adapta za R134a ambazo hazikubali hozi ya gesi nyingine. Vifaa vya asili vilivyotolewa vifungwe kwenye boksi moja pamoja na boliti zake, vishikizo vyake na nakala ya kadi ya data, na boksi hilo liuzwe pamoja na gari siku gari litakapouzwa.